Chunjua: Tiba ya mitishamba, tiba ya hospitali na funzo la jani la chai

MAJANI ya chai yanayofunika vilima vya Kabianga, katika Kaunti ya Kericho, bado huchumwa kwa vidole na wakulima wadogo, ijapokuwa mashine zimeenea katika mashamba makubwa ya kampuni. Kwa mchumaji ambaye riziki yake hutegemea wepesi wa vidole hivyo, chunjua moja iliyoota kando ya ukucha huweza kumpunguzia kilo za siku. Iliyoota chini ya unyayo humfanya achechemee ndani ya gambuti tangu asubuhi hadi jioni.

Huko, kama kwingineko nchini, mwenye chunjua ana milango miwili ya kubisha: wa mtabibu wa mitishamba na wa zahanati. Wengi hubisha yote miwili, na aghalabu hawamwelezi mmoja walichopewa na mwenzake. Makala haya yanaeleza kila upande unatoa nini, unaponya kwa kiasi gani, na ni wakati gani chunjua huacha kuwa jambo la kuvumiliwa nyumbani.

Chunjua ni nini?

Chunjua, ambayo baadhi ya watu huiita sunzua, ni uvimbe mdogo wa ngozi unaosababishwa na virusi vya papiloma, vinavyojulikana hospitalini kwa kifupi kama HPV. Mwaka 1907 daktari Mwitalia, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akaichuja kwa kichujio kisichopitisha bakteria, kisha akajidunga maji yaliyosalia. Chunjua ikamwota. Ilibainika hapo kuwa kiini cha ugonjwa huu ni kitu kidogo kuliko bakteria.

Leo zinajulikana aina zaidi ya 200 za virusi hivi. Aina kama 1, 2, 4, 27 na 57 hupendelea ngozi ya mikono na nyayo. Aina 6 na 11 husababisha takriban asilimia 90 ya chunjua za sehemu za siri. Aina nyingine, hasa 16 na 18, haziotishi chunjua za kawaida, bali ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Ugunduzi wa uhusiano huo ulimpa mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Imani kwamba chunjua hutokana na kumshika chura haina msingi. Vinundu vya mgongoni mwa chura ni tezi za ngozi yake. Vivyo hivyo, wafugaji wa Kericho na Bomet wanaoona chunjua kwenye viwele au shingo za ng'ombe wao wasiwe na hofu: virusi vya papiloma vya ng'ombe haviwaotishi binadamu chunjua.

Huambukizwa vipi?

Virusi hivi huingia kupitia mkwaruzo mdogo au ngozi iliyolainika kwa maji. Mtu huvipata kwa kugusana na mwenye chunjua, kutumia naye taulo au wembe mmoja, au kukanyaga pekupeku sakafu ya bafu linalotumiwa na wengi. Mabweni ya shule na ya vyuo ni mahali pafaapo mno kwa uenezi huo. Kabianga ina vyote viwili: shule kongwe ya upili iliyoanza mwaka 1925, na Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013.

Mchumaji wa chai naye ana hatari zake. Mikono hulowa umande na mvua, vijiti vya michai humkwaruza, na kisu cha kupogolea humkata. Mtu anayetafuna kucha au kunyoa juu ya chunjua hujisambazia mwenyewe. Kati ya kuambukizwa na kuota hupita wiki kadhaa, pengine zaidi ya mwaka mmoja, na ndiyo maana ni vigumu kumtaja aliyekuambukiza.

Nyingi huondoka zenyewe

Kabla ya kupima dawa yoyote, msomaji ashike jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa mada hii. Kinga ya mwili ikishavitambua virusi, chunjua hunyauka na kutoweka bila dawa. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1960 miongoni mwa watoto ulionyesha kuwa theluthi mbili ya chunjua zilitoweka katika muda wa miaka miwili bila kutibiwa. Kwa watu wazima huchukua muda mrefu zaidi.

Maana yake ni kwamba dawa yoyote itakayopakwa kwa subira itaonekana kuwa imeponya baadhi ya watu. Nyanya aliyempaka mjukuu wake utomvu wa mti, mzee aliyeifunga chunjua kwa uzi, na muuguzi aliyetoa marhamu, wote watakuwa na mashahidi wa kweli. Ushahidi wa mtu mmoja aliyepona hautoshi basi. Kinachotakiwa ni kulinganisha waliotumia dawa na wasioitumia, kwa muda uleule.

Dawa za jadi

Katika lugha ya Kikipsigis dawa huitwa kerichek, na wapo wanaolihusisha jina la mji wa Kericho na neno hilo, ingawa masimulizi kuhusu asili ya jina ni zaidi ya moja. Mtabibu wa mitishamba, chepkerichot, alikuwa na heshima yake kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa, na hadi leo hutafutwa kwa maradhi ya ngozi, tumbo na uzazi.

Kwa chunjua, tiba za jadi za Afrika Mashariki hufuata njia tatu. Ya kwanza ni kuichoma kwa utomvu mkali wa mimea, hasa jamii ya mnyaa, mmea wa ua unaotoa maziwa meupe ukivunjwa. Ya pili ni kupaka vitu vya jikoni na shambani, kama kitunguu saumu kilichopondwa au utomvu wa papai bichi. Ya tatu ni kuifunga shina kwa uzi au unywele hadi ikose damu na kuanguka.

Njia hizi si upuuzi. Utomvu wa papai una vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, na ule wa mtini umewahi kupimwa. Katika utafiti mdogo wa Iran uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 25 walipakwa utomvu wa mtini upande mmoja wa mwili, na upande wa pili wakagandishwa chunjua kwa baridi. Utomvu uliponya asilimia 44, na baridi asilimia 56. Tofauti hiyo si kubwa, ila watu 25 ni wachache mno kutoa hukumu ya mwisho.

Utomvu wa mnyaa ni suala jingine. Huunguza ngozi nzima pamoja na ile yenye ugonjwa, na tone moja likiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kupofusha. Dawa iliyotokana na mmea wa jamii hiyohiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa kutibu mabaka ya ngozi yaletwayo na jua. Mwaka 2020 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliamua kuwa madhara yake yanazidi manufaa, kwa kuhofia saratani ya ngozi. Ikiwa dawa iliyopimwa kwa miligramu ilifikia hatua hiyo, utomvu unaochuruzika moja kwa moja kutoka kwenye ua hauna kipimo chochote cha kumlinda mgonjwa.

Kuifunga chunjua kwa uzi huweza kuiangusha, lakini huacha kidonda, na virusi vilivyo kwenye ngozi ya kando hubaki. Kuikata kwa wembe huisambaza, na wembe ukitumiwa na wengi huleta hatari ya virusi vya HIV na vya homa ya ini. Kupaka maji ya betri ya gari ni kujiunguza tu. Kovu lake hudumu kuliko chunjua yenyewe.

Dawa za hospitali

Dawa ya kwanza kwa chunjua za mikono na nyayo ni asidi ya salisiliki, inayouzwa katika maduka ya dawa kama maji ya kupaka au plasta. Hulainisha na kuibandua ngozi iliyokufa tabaka baada ya tabaka. Asili ya jina lake ni mti wa msalisi, ambao magome yake yalitumiwa kutuliza maumivu tangu enzi za kale. Dawa hii ya hospitali, kwa hiyo, nayo ina mizizi katika mitishamba.

Njia ya pili ni kuigandisha chunjua kwa naitrojeni iliyogeuzwa kuwa kiowevu chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Wafugaji huijua baridi hiyo kutokana na mitungi ya kuhifadhia mbegu za fahali, lakini mtu asithubutu kuitumia nyumbani. Zahanati nyingi hazina kifaa hiki, hivyo mgonjwa huelekezwa hospitali kubwa. Katika ngozi nyeusi, baridi hii huweza kuacha baka jeupe. Kuna pia kuchoma kwa umeme au kuikwangua baada ya kutiwa ganzi.

Tiba hizi zinaponya kwa kiasi gani? Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha makundi matatu kwa wiki 13. Kwa chunjua za kawaida, waliogandishwa walipona asilimia 49, waliopakwa asidi ya salisiliki asilimia 15, na waliosubiri tu asilimia 8. Kwa chunjua za nyayo hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2011 wa wagonjwa 240 wenye chunjua za nyayo ulionyesha kuwa asidi na baridi ziliponya kiasi kilekile, asilimia 14, katika wiki 12.

Takwimu hizi zinafaa kumpa unyenyekevu daktari na mtabibu wa mitishamba kwa pamoja. Hakuna anayeweza kuahidi kuiondoa chunjua ya unyayo kwa siku saba. Anayeahidi hivyo na kudai malipo kabla ya kutibu aepukwe, awe amevaa koti jeupe au la.

Jani la chai

Funzo kubwa zaidi kuhusu uhusiano wa tiba hizi mbili linaota katika vilima vya Kericho vyenyewe. Mnamo Oktoba 2006, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha marhamu iliyotengenezwa kutokana na majani ya chai ya kijani kwa kutibu chunjua za nje za sehemu za siri na za kando ya njia ya haja kubwa. Ilikuwa dawa ya kwanza ya asili ya mimea kuidhinishwa chini ya mwongozo wa mamlaka hiyo wa dawa za mimea zinazotolewa kwa agizo la daktari. Mmea wenyewe ni uleule ambao kampuni zilianza kuulima kwa biashara Kericho miaka ya 1920.

Kilichomo katika marhamu hiyo ni katekini, kemikali za jani bichi la chai, kwa kipimo cha asilimia 15. Hupakwa mara tatu kwa siku, kwa muda usiozidi wiki 16. Katika majaribio, takriban asilimia 54 ya watu wazima walioitumia walipona kabisa, wakilinganishwa na asilimia 35 ya waliopakwa marhamu isiyo na dawa. Baadhi walipata wekundu, mwasho na vidonda.

Je, mkazi wa Kabianga achume jani na kulisugua kwenye chunjua? La. Kiasi cha katekini katika jani hutofautiana kwa aina ya mchai, umri wa jani na msimu. Ili kupata asilimia 15, kemikali hizo hutolewa, husafishwa na kupimwa. Chai nyeusi ya kiwandani ndiyo haifai zaidi, kwani jani likishakatwa na kuachwa lichachuke, sehemu kubwa ya katekini hugeuka kuwa kemikali nyingine zinazoipa chai rangi na ukali wake. Aidha, marhamu hiyo iliidhinishwa kwa chunjua za siri za watu wazima wenye kinga imara, si kwa za vidole na nyayo.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa kweli kati ya mtishamba na dawa. Jani ni lile lile. Tofauti huletwa na kipimo, usafi, na kujua idadi ya waliopona na ya walioumia.

Chunjua za sehemu za siri

Aibu ndiyo adui mkubwa hapa. Mgonjwa hujificha, hupaka dawa ya kununua sokoni, na huja hospitalini chunjua zikiwa zimeshikana kama ua la koliflawa. Virusi hivi huenezwa kwa ngono na kwa mgusano wa ngozi. Kondomu hupunguza hatari bila kuiondoa kabisa, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Hospitalini hutumiwa podofilini, asidi ya trikloroasetiki, kugandisha, kuchoma au krimu ya imikwimodi inayochochea kinga. Podofilini nayo hutokana na mzizi wa mmea wa Amerika Kaskazini ambao wenyeji wa huko waliutumia kama dawa. Ni sumu ikizidi kipimo, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Asidi ya salisiliki ya chunjua za mikono isipakwe kamwe sehemu za siri wala usoni.

Jambo la hatari zaidi ni kukosea ugonjwa. Kaswende katika hatua yake ya pili huotesha vinundu bapa, vyenye unyevu, vinavyofanana mno na chunjua. Mtishamba ukipakwa juu yake, vinundu hutoweka kwa muda kama ilivyo kawaida ya kaswende, mgonjwa hushukuru, na ugonjwa huendelea kuuvamia moyo, ubongo, au mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo, kila mwenye uvimbe sehemu za siri anapaswa kupimwa damu kwa kaswende na HIV. Chunjua nyingi zisizosikia dawa huweza kuwa dalili ya kinga iliyodhoofika. Mtoto mwenye chunjua sehemu hizo apelekwe hospitalini mara moja, kwa uchunguzi wa makini na wa siri.

Kwa kawaida chunjua za siri hazigeuki saratani, lakini aliyepata aina moja ya virusi huenda amepata na nyingine. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2018 ulilenga kuwachunguza wanawake wa umri wa miaka 25 hadi 49 mlango wa kizazi. Mojawapo ya njia zake ni kuupaka siki na kutazama sehemu zinazobadilika kuwa nyeupe, kipimo kisichohitaji mashine.

Chanjo

Kenya ilizindua chanjo ya HPV kitaifa mnamo Oktoba 2019 jijini Mombasa, ikianza na wasichana wa miaka 10, na baadaye ikawafikia hadi wa miaka 14. Chanjo iliyoanza kutumiwa hukinga dhidi ya aina 6, 11, 16 na 18, yaani chunjua za siri pamoja na saratani. Haiponyi chunjua iliyokwisha kuota, wala haikulengwa kwa zile za mikono.

Manufaa yake yameonekana. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007. Kufikia 2011, chunjua za siri zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 miongoni mwa wasichana wa chini ya miaka 21 waliohudumiwa katika kliniki za maradhi ya zinaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hata dozi moja huweza kuwakinga wasichana na vijana wa kike wa umri wa miaka 9 hadi 20.

Unaweza kufanya nini nyumbani?

Kwanza, hakikisha ni chunjua. Sugu hutokana na msuguano, na mistari ya ngozi hupita juu yake bila kukatika. Chunjua huikatiza mistari hiyo, huuma zaidi ikibanwa kutoka pembeni, na mara nyingi huwa na vitone vyeusi ambavyo ni mishipa myembamba ya damu iliyoziba.

Ikiwa iko mkononi au unyayoni, loweka kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache kila jioni, sugua taratibu kwa jiwe la miguu lisilotumiwa na mtu mwingine, paka mafuta mazito kwenye ngozi ya kando, kisha tia asidi ya salisiliki juu ya chunjua pekee. Endelea kwa wiki 12. Ukipata kidonda, pumzika siku kadhaa. Vaa malapa bafuni, kausha miguu kabla ya kuvaa gambuti, na funika chunjua kwa plasta unapochuma chai.

Asijitibu mwenyewe mgonjwa wa kisukari, hasa miguuni, kwani kidonda kidogo huweza kumgharimu mguu. Mjamzito na mwenye HIV waulize kwanza kliniki.

Nenda hospitali bila kuchelewa iwapo uvimbe unatoka damu, unakua haraka, una rangi nyeusi inayosambaa, au umekuwa kidonda kisichopona. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, inapowapata watu wenye ngozi nyeusi, hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Kuidhania kuwa chunjua na kuichoma kwa utomvu kwa miezi kadhaa ni kupoteza wakati ambao ungeokoa maisha. Watu wenye ualbino nao wasipuuze kinundu chochote kigumu kwenye ngozi iliyopigwa na jua.

Milango miwili, njia moja

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi na kutaka isimamiwe. Pia inataka uwepo utaratibu wa watabibu wa jadi kuwaelekeza wagonjwa katika hospitali. Sheria nyingine ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi ya jamii yasinyakuliwe bila ridhaa wala fidia. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ina kituo maalumu cha kuchunguza dawa za asili.

Lakini sheria haziingii nyumbani kwa mgonjwa. Hapo linabaki jukumu lake mwenyewe kumwambia muuguzi bila woga ni mtishamba gani aliopaka, na jukumu la muuguzi kumsikiliza bila kumcheka. Akichekwa leo, kesho atanyamaza, na daktari atatibu kidonda cha utomvu akidhani ni ugonjwa mpya.

Kwa mtabibu wa jadi, hekima iko katika kujua mpaka. Chunjua ya kidole cha mtoto mwenye afya inaweza kungoja, na dawa isiyounguza haitamdhuru akingoja. Kinundu cheusi cha unyayo, uvimbe wa sehemu za siri na kidonda kisichofunga havingoji. Mtabibu anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo apande gari kwenda hospitali siku hiyohiyo atakuwa amempa tiba iliyo bora kuliko zote alizo nazo.